Ukocha wa slalomu kwa video: nimeutumia msimu mzima, haya ndiyo niliyoyaona

Huduma hii ni ya watu wanaoteleza kwa ski moja nyuma ya boti na ambao tayari wanaingia kwenye uwanja wa maboya. Unalipa ada ya mwezi, unarekodi mpito wako, yaani safari moja ya kupita uwanja mzima, kwa kamera iliyofungwa kwenye boti, unapakia klipu kwenye programu yao, na baada ya siku mbili tatu kocha anakurudishia klipu ileile ikiwa imepunguzwa kasi, imechorwa mistari, na sauti yake ikisikika juu ya picha. Nimeitumia msimu mzima na natoa uamuzi wangu mapema kwa asiye na muda: inafaa, tena sana, ila kwa sababu ambayo haimo kwenye matangazo yao. Matangazo yanaahidi maboya mengi zaidi. Mimi nimejua mpito wangu unaanzia kuharibika wapi, na akili yangu huwa iko wapi wakati huo.

Kwa anayeuona mchezo huu kwa mbali, uwanja wa slalomu una maboya 6 ya kuzunguka, matatu kila upande, pamoja na lango la kuingilia na la kutokea. Kutoka lango hadi lango ni mita 259. Kila boya limekaa mita 11.5 kutoka mstari wa katikati, na kutoka boya moja hadi lifuatalo, kwa urefu wa uwanja, ni mita 41. Boti inapita katikati moja kwa moja kwa kasi iliyopangwa, siku hizi ikishikiliwa na kompyuta inayotumia GPS, na kazi yote ya kwenda huku na huku ni ya anayevutwa. Mimi nateleza kwa kilomita 55 kwa saa, ambayo ndiyo kasi ya juu ya wanawake. Wanaume wa daraja la wazi huenda 58. Kwa 55, uwanja mzima unaisha kabla sekunde 17 hazijatimia, na kati ya boya na boya hupati hata sekunde 3.

Ukimaliza yote 6 kwenye kasi yako ya juu, kamba inafupishwa. Kutoka mita 18.25 inakuja 16, kisha 14.25, 13, 12, 11.25, na kuendelea. Itazame vizuri hiyo 11.25: ni fupi kuliko umbali wa boya kutoka katikati. Kuanzia hapo kamba peke yake haifiki, mwili ndio unaomalizia. Nate Smith wa Marekani aliweka rekodi ya dunia mwaka 2013 kwa maboya 2 na nusu kwenye kamba ya mita 9.75, na kila ninapoufikiria umbali huo nashika kichwa. Na mashindanoni kosa lako halina marudio. Boya ulilokosa ndilo linalofunga hesabu, na ukikosa lango la kuingilia, mpito mzima ni sifuri hata kama umezunguka maboya yote bila dosari.

Basi nilituma mpito wa mita 13, ambao nilikuwa naupotezea kwenye boya la 4 karibu kila mara. Nilitaka kuambiwa kuhusu boya la 4. Kocha alisimamisha picha kabla sijafika hata langoni, pale ninapojivuta kwenda kushoto kwa boti kujiandaa. Akachora mstari kutoka nguzo ya boti, pale kamba inapofungwa, hadi kwenye mpini ninaoushika, na mwingine kutoka begani hadi kwenye kifundo cha mguu, akaiacha picha imesimama hivyo huku akizungumza kwa utaratibu. Boya la 4 alilitaja mwishoni kabisa, kwa sentensi moja.

Maelezo yake yalikuwa haya. Nilijivuta nje kwa ghafla na kuacha mapema, kwa hiyo sikupanda mbele vya kutosha ubavuni mwa boti. Nilipogeuka kuelekea langoni kamba ilikuwa imelegea kidogo, ski haina kasi, na nguvu niliyopaswa kuipata kabla ya kufika nyuma ya boti nikaipata nimeshapita. Hapo nikaendelea kuvuta nje ya mawimbi ya boti, wakati ambao ski inapaswa kuwa inabadilisha ukingo unaokata maji na mwili unaachwa upae kuelekea boyani. Matokeo yake nikalifikia boya la kwanza nikiwa na kasi nyingi na upana mdogo, nikageuka nikiwa nimeshalipita, kamba ikalegea, boti ikaikaza kwa kishindo, na nikaanza safari ya boya la pili nikiwa nimechelewa. Deni la langoni linalipwa boya kwa boya, na kwenye la 4 mfuko ni mtupu.

Baada ya jibu hilo nilielewa kwa nini wiki nyingi za kujitahidi kugeuka kwa nguvu zaidi kwenye boya la 4 hazikuzaa kitu. Kila mtu kwenye boti anakuambia geuka mapema, egemea zaidi, vuta zaidi. Kocha huyu hajaniambia nivute zaidi hata mara moja. Aliniambia nipande ubavuni mwa boti mpaka nihisi kamba imetulia, niiache ski ipunguze mwendo taratibu, nisubiri, halafu nigeukie langoni bila kurukia, nipite karibu na boya la kulia la lango. Hilo la kusubiri ndilo gumu. Mwili mzima unapiga kelele uende, na kila chembe ya muda unaosubiri inaonekana kama unaitupa, kumbe ndiyo inayokununulia nafasi.

Sehemu ya pili ya huduma ndiyo iliyonifanya niandike haya. Kabla hujaitazama video yako mwenyewe, unatakiwa kuandika sentensi moja: uliingia langoni ukiwaza nini. Programu haipokei klipu bila sentensi hiyo. Baada ya wiki kadhaa kocha alizipanga sentensi zangu kwa urefu wa kamba na kunirudishia bila maoni mengi. Kwenye mita 16 na 14.25 nilikuwa nimeandika mambo ya mwili: "nyonga juu", "subiri", "mpini chini". Kwenye mita 13 lugha ilibadilika: "nisikose la 4", "leo lazima", "yote sita". Ni mtu yuleyule, ziwa lilelile, boti ileile, na kati ya mpito mmoja na mwingine hazipiti dakika nyingi. Halafu akaziweka picha mbili za kujivuta nje kando kwa kando, ya 14.25 na ya 13. Ya kwanza imetulia. Ya pili mabega yameshaanza kukimbilia boti, na lango bado liko mbali.

Sijawahi kuona hofu ikiwekwa wazi namna hiyo. Kwenye slalomu hofu huonekana kwanza kwenye viwiko. Mtu akihisi amechelewa, anakunja mikono kuuvuta mpini kifuani, kana kwamba kamba itafupika kwa hasira zake. Mara viwiko vikikunjwa, nyonga zinarudi nyuma, kifua kinainamia boti, na sasa boti inavuta mabega badala ya kuvuta mwili mzima. Mkao unaotakiwa ni kinyume chake: mikono imenyooka, viwiko karibu na jaketi, mpini chini usawa wa nyonga, nyonga zimesogea mbele juu ya miguu, mabega yako mbali na boti. Ukiwa umekaa hivyo, mvuto wa boti unapita mwilini hadi kwenye ski na ski inakata maji. Hakuna asiyeyajua haya kwa nadharia. Tatizo ni kwamba mkao huo unamtaka mtu aamini kamba wakati ule ule ambao haiamini.

Dawa aliyonipa ni amri moja tu kwa mpito mmoja, ya mwili, inayoishia langoni. Hakuna amri ya boya lolote. Baada ya lango macho yaende mbali, mwisho wa uwanja, na maboya yaonekane kwa pembeni ya jicho tu, kwa sababu ukilitolea boya macho utalielekea hilohilo badala ya kupita nje yake. Na akalisisitizia sana jambo ambalo sikuwahi kufikiri kwamba ni sehemu ya ufundi, yaani kile kipindi cha kusubiri majini mwisho wa uwanja. Unaelea, ncha ya ski imechomoza mbele yako, mwenzako kwenye boti anavua kitanzi cha kamba na kuingiza kingine, na unaisikia sauti ya dereva akitaja urefu mpya. Hapo ndipo akili inapoanza hesabu. Maelekezo yake ni kutoa pumzi ndefu, kuugusa mpini kwa mikono miwili, kuisema ile amri kwa sauti, na kutomuuliza mtu yeyote umefikisha ngapi. Nilimwomba dereva wangu aache kunitajia alama, na wote kwenye boti wakazoea. Kwenye mita 13 sasa mara nyingi natoka lango la pili, na 12 imeanza kufunguka. Ila hata siku ambazo sitoki, najua kwa nini, na hilo lina thamani yake kubwa kwangu.

Sasa malalamiko, na yapo.

Kamera ya kwenye boti inamwona mtelezaji kutoka mbele. Inaonyesha mkao vizuri sana, lakini upana na kuwahi haionyeshi sawasawa. Kwa hayo unahitaji picha ya pwani au ya droni, na hawakuambii mpaka umeshalipa. Nilipoanza kutuma klipu mbili za mpito mmoja, ya boti na ya pwani, ubora wa majibu ulipanda mara moja. Ingekuwa sharti la kwanza kwenye ukurasa wa kujisajili.

Ushauri wa pezi ndio ulioniudhi. Lile pezi dogo chini ya mkia wa ski hupimwa kwa kipimo cha maelfu ya inchi, na badiliko ambalo huwezi kuliona kwa macho linaweza kubadilisha kabisa jinsi ski inavyogeuka. Wakati kocha mkuu hayupo, msaidizi wake aliniambia nilisogeze mbele pezi bila kuniuliza limekaa vipimo gani, ski yangu ni ya urefu gani, wala maji yana joto kiasi gani. Hilo halishauriwi kwa kutazama video tu. Sikulisogeza. Nilimwandikia kocha mkuu, naye akakubali kwamba mkao kwanza, vifaa baadaye, lakini jibu lile halikupaswa kutoka.

Pia hawaulizi lolote kuhusu dereva. Boti ikiyumba kidogo kuelekea upande wako kwenye lango, kamba inalegea na picha inaonyesha kosa ambalo si lako. Kwenye fomu yao ya klipu pangetosha swali moja: nani aliendesha, na boti ilipita katikati? Upepo wameuuliza, dereva hawakumkumbuka.

Zile rekodi za sauti za "kujenga akili ya ushindi" zinazokuja na usajili ziruke. Ni maneno matamu ya jumla ambayo yangeweza kusomwa kwa mkimbiaji au mcheza karata. Ajabu ni kwamba huduma ileile ina ile sentensi moja ya langoni, ambayo ndiyo kazi ya akili niliyoiona ikifanya kazi kweli, na hawaitangazi popote.

Na ada inaendelea kukatwa hata maji yakiwa baridi na boti zimewekwa bandani. Huwezi kusimamisha usajili, unaweza kuufuta tu, na ukiufuta klipu zako za zamani zinapotea. Kwa mtu ambaye mali yake kubwa ni ile orodha ya sentensi na picha za msimu mzima, huo si utaratibu wa haki. Pakua kila kitu kabla msimu haujaisha.

Nani asijiunge? Anayejifunza kusimama kwenye ski moja. Huyo anahitaji mtu wa kumwona akiwa majini na kumsahihisha papo hapo. Hata anayemaliza mita 18.25 kwa kubahatisha, ningemwambia atafute kwanza mtu wa kukaa naye kwenye boti. Lakini aliyekwama kwenye urefu mmoja wa kamba kwa muda mrefu, mwenye nguvu za kutosha na ski nzuri, na bado anarudi kwenye boya lilelile, huyo ndiye mteja wao. Ada yenyewe ni ndogo ukiiweka kando ya mafuta ya boti unayochoma ukirudia kosa moja.

Ukijiunga, washa kamera mapema. Wengi wanaanza kurekodi mtelezaji akiwa tayari anakata kuelekea langoni, na klipu kama hiyo inarudishwa na ombi la kutuma nyingine. Anza ukiwa bado umetulia nyuma ya boti, kabla hujajivuta nje, na uiandike sentensi yako palepale majini kichwani, maana ukifika nchi kavu utakuwa umeshaipamba.