Toi za kutafuna za mtoto wa mbwa: bonyeza na ukucha kabla hujalipa

Nianze na aibu yangu. Mbwa wangu Simba alipofikisha miezi mitano alikuwa anatafuna kila kitu, viatu, miguu ya meza, hadi waya wa chaja, nikaenda kununua mfupa wa nailoni mgumu kama jiwe eti kwa sababu boksi limeandikwa "hauharibiki". Na kweli haukuharibika, kilichoharibika ni jino. Miezi mitatu baadaye nikaona anatafunia upande mmoja tu, halafu siku moja nafagia nikaokota kipande cheupe bapa, saizi ya ukucha wa kidole cha mwisho, nikajua ni plastiki tu. Kumbe ni ubavu wa gego lake kubwa la juu, lile la kukatia nyama, umebanduka na kiini kiko nje. Daktari wa mifugo ikabidi aling'oe.

Kwa hiyo mambo ya rangi na toi inayolia mtanisamehe, mimi siku hizi naangalia ugumu basi. Enameli ya mbwa, yaani lile ganda gumu la nje ya jino, ni nyembamba kuliko yetu, mara nyingi haifiki hata milimita moja. Bonyeza toi kwa ukucha wa dole gumba: ikibonyea kidogo chukua, isipobonyea rudisha kwenye shelfu.

Na ujue yuko hatua gani. Mbwa anazaliwa kibogoyo, meno ya utoto yanaanza kuchomoza kwenye wiki ya 3 hivi, yanakuwa 28, membamba na makali kama sindano. Kuanzia miezi 3 au 4 yanadondoka, ya mbele kwanza, chonge na magego yanafuata, akifika miezi 6 au 7 anakuwa na 42, yaani 20 juu na 22 chini. Hapo katikati fizi zinamsumbua kweli na hapo ndo tunanunua ovyo.

Namba moja kwangu ni toi ya raba ya KONG, ile ya Puppy (ya watoto wa mbwa), na ndiyo, nina upendeleo sitaki kuficha. Raba yake ni laini kuliko ile nyekundu ya mbwa wakubwa, ina uwazi ndani, unashindilia chakula chake kilicholowekwa unaweka friza, akilamba ule ubaridi fizi zinatulia na wewe unapata nusu saa ya amani. Meno ya ukubwa yakishatimia hamia nyekundu, maana ile laini ataimeguamegua. Nyeusi ni ya watafunaji sugu, usimpe mtoto. Saizi pia angalia, ikiweza kuingia yote mdomoni ikapita nyuma ya chonge, hiyo ni ndogo atakabwa.

Namba mbili, pete za raba laini za kampuni yoyote zikipita mtihani wa ukucha.

Za bei rahisi: kitambaa kikilowa ukakisokota ukakigandisha kinafaa, ila kaa naye. Kamba sizipendi, nyuzi zikimezwa zinaweza kukunja utumbo. Mpira wa tenisi wa kurusha sawa, wa kutafuna kutwa hapana, manyoya yake yakishika mchanga yanasaga meno kama msasa.

Mkiani kabisa: mifupa, pembe, kwato na hiyo nailoni yangu.

Sasa wauzaji. Karibu kila pakiti imeandikwa "umri wote", umri wote upi wakati mwenye wiki 8 na mwenye mwaka hata meno si yale yale? Halafu wanafunga kwenye plastiki ngumu hata kidole hakipiti, ukiomba kufungua wanakuangalia kama mwizi, na saizi kubwa bei inaruka wakati raba iliyoongezeka ni kidogo tu.

Ukikuta damu kidogo kwenye toi au kijino sakafuni usikimbie hospitali, ni kawaida, mengi huwa wanayameza. Ila chonge mpya ikichomoza na ya utoto bado imekaa pembeni yake, hasa hawa mbwa wadogo wadogo, mpeleke, meno mawili hayakai shimo moja, la ukubwa litaota limepinda.

Ule mfupa niliurudisha dukani na kipande cha jino nimekifunga kwenye tishu. Muuzaji akaugeuza geuza, akasema mbona hauna hata mkwaruzo.