Fundi alivyoninokishia chensoo

Naandika nikiwa bado na hasira, na sitaki kusubiri zipoe.

Chensoo yangu ni ndogo, ya kupogolea na kupunguza mipaina shambani kwangu huku Mufindi. Niliinunua Kariakoo, hata mwaka haujaisha, na mashine yenyewe sina neno nayo. Ilipofika tu huku ikawa inafuka moshi na haina nguvu. Sababu naijua: Dar ni usawa wa bahari, huku Mafinga, mji wetu wa Mufindi, ni zaidi ya mita 1,800. Hewa ya huku ni nyepesi, kwa hiyo petroli inazidi. Dawa yake ni kuibana kidogo sana ile skrubu ya kabureta yenye herufi H. Nikaona nisiiguse, nimpelekee mwenye kazi yake mjini.

Akashika bisibisi, akabana, akabana tena, mashine ikalia kama king'ora. "Sasa ndiyo imefunguka!"

Nikamwambia, "Mwanangu, mlio huo umezidi. Ijaribu kwanza kwenye gogo." Gogo lilikuwa palepale, hatua tatu. Hakugeuka hata kunitazama.

"Mama, hii siyo cherehani."

Vijana waliokuwa kwenye benchi wakacheka. Nikalipa, nikaondoka kimya, na kule kunyamaza ndiko kunakoniuma kuliko hela.

Mti wa nne tu, ikazima. Kamba haivutiki. Nikafungua egzosi, nikamulika tunduni kwa tochi ya simu: pistoni imechubuka mistari ya wima. Kwenye injini hizi oili inasafiri ndani ya petroli. Ukiinyima petroli umeinyima na oili, huku inazunguka kwa kasi isiyo yake. Lazima inoki, yaani pistoni inakwama kwenye silinda.

Nikamrudishia. Akasema nimekosea kuchanganya oili. Mimi! Petroli lita 5, oili ya tustroki mililita 100, napima kwa chupa yenye alama, sikadirii kwa macho.

Lakini haki yake nimpe. Kwa kunoa mnyororo sijaona mfano wake. Meno ya kushoto na ya kulia yanatoka urefu mmoja, msumeno haupindi, na mtini unatoa vipande, siyo unga. Nilipoanza kuandika nilitaka kusema msikanyage pale kabisa, kisha nikaona nitakuwa nadhulumu: mpelekeeni minyororo, kabureta msimpe.

Pistoni na silinda mpya nimefungiwa na fundi mwingine, kwa bei ambayo hata sitaki kuitaja. Kabureta nimerekebisha mwenyewe. Nilianza na sailensa, yaani kasi ya injini bila kubonyeza mafuta, nikaishusha mpaka mnyororo ukasimama kabisa nikiachia mafuta. Kisha nikaifungua H taratibu, mpaka nikibonyeza mafuta hadi mwisho ikawa inagugumia kidogo, na ikiingia mtini mlio unanyooka. Haikuchukua hata nusu saa. Angenipa nusu saa hiyo na lile gogo lake, leo nisingekuwa na mipaina inayonisubiri shambani wiki ya tatu sasa.

Na hata hiyo minyororo, nikikumbuka vile vicheko vya benchi, hapana. Nimeshanunua tupa ya duara ya milimita 4. Jino la kwanza limenitoka vibaya, la kumi limekuwa afadhali. Nitanoa mwenyewe.