Orbit Reader 20: kusoma ni raha, jasho liko kwenye faili

Mimi ni mwalimu nisiyeona, na kifaa hiki cha kusomea breli, yaani maandishi ya nukta, nakisifu bila kumung'unya maneno. Ila anayetaka kukinunua ajue mapema kwamba kuandaa faili ndiyo kazi yenyewe.

Kina mstari mmoja wa seli 20 (seli ni kikundi cha nukta za herufi moja), vitufe vinane vya kuandikia vilivyopangwa kama vya Perkins, ile mashine ya kuandikia breli, na mahali pa kutia kadi ya SD. Nukta zake ni kali, hazididimii chini ya kidole. Ukibonyeza kusonga mbele, zinainuka kwa kufuatana na mlio wa krrr. Ndani ya matatu hakuna atakayeusikia. Kitandani usiku, mwenzako atakuuliza unakwaruza nini.

Vitabu vya Kiingereza havinisumbui. Bookshare, maktaba ya mtandaoni ya sisi tusioweza kusoma maandishi ya kawaida, ina zaidi ya vitabu milioni 1, na unapopakua unachagua BRF, yaani breli iliyo tayari. Natia kadi kwenye laptopu, nakopi faili nikisikiliza NVDA, programu inayonisomea skrini kwa sauti, nairudisha kadi, naanza kusoma.

Kiswahili ndicho kinachotaka subira. Aina hii, tofauti na ile ya Plus, haikugeuzii maandishi kuwa breli. Ukiweka faili ya TXT jinsi ilivyo, unapata breli ya kompyuta: tarakimu zinakuja bila alama ya namba, na 1 ni nukta ya 2 peke yake, ambayo vidole vyetu vinaijua kama koma. Hebu sahihisha hesabu za watoto hivyo!

Kwa hiyo napitisha kila kitu kwanza kwenye programu ya bure ya kugeuza maandishi kuwa breli, inayotumia kanuni za mradi wa Liblouis. Nachagua breli isiyofupishwa, naweka seli 20 kwa mstari badala ya zile 40 za mashine za kuchapia, kisha nazima namba za kurasa, maana usipozizima zinakuchomoza katikati ya sentensi. Mwisho naihifadhi kama BRF. Majina ya faili nayaanza na 01, 02, ili sura zisichanganyike.

Ukisaidiwa na anayeona, mwonye. Mpwa wangu alifungua mojawapo kwenye Notepad, akakuta ",mwaka #aifc".

"Mjomba, hii imeharibika. Nifute?"

Thubutu! Koma hapo ni alama ya herufi kubwa, # ni ya namba, na aifc ndiyo 1963, maana baada ya alama hiyo a ni 1, b ni 2, na kuendelea.

Seli 20 zenyewe ni chache kwa lugha yetu yenye maneno marefu. "Wanaowatembelea" peke yake linakula 15, na "wagonjwa" linasubiri ubonyeze tena. Kidole gumba kinazoea, lakini kwa ushairi inakera: mshororo unakatika kabla hujaionja mizani.

Kuhusu kadi, GB 32 zinatosha na kubaki. Riwaya nzima ya BRF mara nyingi haifiki MB 2. Iwe imefomatiwa kwa mfumo wa FAT32, na usikimbilie bei poa. Niliwahi kuuziwa moja mjini iliyopokea vitabu vyangu vyote, kesho yake ikavikana.

Kifaa kinakumbuka ulipoishia, na unaweza kuweka alama zako mwenyewe, jambo linalonifaa sana darasani ninaporukia sura ya tatu wanafunzi wakiwa wameshafungua vitabu vyao. Ramani na majedwali usiyatarajie kwenye mstari mmoja. Somo likiwa na mchoro, bado nabeba karatasi.