Pesa za wazee: uzoefu wangu nikiwa mtunzaji wa mama katika mpango wa Inua Jamii

Mama yangu aliandikishwa mwaka 2017 katika Inua Jamii, mpango wa kuwapa wazee fedha za kujikimu, wakati Serikali ya Kenya ilipokuwa ikiandikisha wazee waliotimiza miaka 70 na ambao hawakuwa na pensheni nyingine, na tangu malipo yalipoanza mwaka 2018 mimi ndiye niliyeandikwa kuwa mtunzaji wake. Kwa hiyo ninayoyaeleza hapa ni ya mtu anayemsindikiza mzee wake hadi benki na kurudi naye nyumbani.

Kiwango ni shilingi 2,000 kwa mwezi, na kwa miaka ya kwanza zililipwa za miezi miwili pamoja, yaani shilingi 4,000. Ukizigawa kwa siku unapata shilingi 66 na ushee. Sitamdanganya mtu kwamba fedha hizo zinamtosha mzee kula, kununua dawa na kujisitiri, kwa maana hazimtoshi. Hata hivyo, jambo nililolishuhudia kwa mama ni kubwa kuliko hesabu hiyo. Kabla ya hapo kila shilingi aliyoitumia aliiomba kwangu au kwa ndugu zangu, na alikuwa akikaa na maumivu ya magoti wiki nzima kabla ya kututajia, kwa kuona haya kuomba tena. Siku hizi yeye mwenyewe humtuma kijana akamchotee maji na kumlipa, na mwenye duka humkopesha unga na sabuni kwa kuwa anajua pesa za wazee zitaingia. Mimi huona kwamba heshima hiyo ya kukopesheka ndiyo iliyombadilisha zaidi, kwa sababu mtu asiyekuwa na mahali popote pa kutarajia fedha hakuna anayemwamini kwa deni.

Napenda pia kigezo chenyewe cha umri. Kabla ya mwaka 2018 msaada wa wazee ulilenga kaya maskini zenye mtu wa miaka 65 au zaidi, na wanakijiji walihusika kuamua ni nani maskini zaidi ya mwenzake. Mama hakuchaguliwa wakati huo, na sababu tuliyoambiwa ni kwamba alikuwa amejengewa nyumba ya mabati. Mabati yale tulichanga sisi watoto, lakini hayakumpa chakula, na kwa miaka kadhaa palikuwa na uchungu kati yake na majirani waliochaguliwa. Umri haumwulizi mtu paa lake limeezekwa kwa nini.

Lakini umri nao husomwa kwenye kitambulisho, na hapo ndipo nilipoona watu wakiumia. Jirani yetu mmoja anakumbuka vizuri kwamba alikuwa akimbeba mdogo wake mgongoni serikali ya kikoloni ilipotangaza Hali ya Hatari mwaka 1952, ilhali kitambulisho chake kinasema alizaliwa mwaka huo huo wa 1952. Aliyemjazia fomu ujanani alikisia tu, naye hakujua kusoma ili asahihishe. Kwa karatasi hiyo alikuwa na miaka 65 tulipokwenda kuandikishwa, akarudishwa nyumbani, huku mama, ambaye jirani huyo alimlea akiwa mtoto, akipokelewa. Mwenye mzazi anayekaribia umri huo na akae naye mapema, ahesabu miaka kwa matukio anayoyakumbuka, atafute kadi ya ubatizo au cheti chochote cha zamani, na kuanza safari ya kusahihisha mwaka wa kuzaliwa kabla ya kutangazwa uandikishaji mwingine.

Shida yetu sisi ilikuwa vidole. Malipo huthibitishwa kwa alama za vidole, na vidole vya mama, baada ya jembe la miaka hamsini, vimelainika kiasi kwamba mashine haisomi chochote. Katika tawi moja la benki aliambiwa asugue mkono kwenye nguo, kisha aoshe, kisha ajaribu kidole kingine, mara saba au nane mbele ya foleni nzima, na mwishowe akaambiwa arudi kesho. Nauli ya bodaboda kwa watu wawili, kwenda na kurudi, ilikuwa shilingi 600, kwa hiyo safari moja ya bure ilikula asilimia 15 ya malipo ya miezi miwili. Safari iliyofuata nilimwomba mhudumu, kwa adabu, ajaribu kidole gumba cha mkono wa kushoto, ambao mama hautumii sana, nacho kikakubali. Tangu siku hiyo tunaanza na kidole hicho, na usiku wa kuamkia safari humpaka mafuta ya mgando mikononi, kisha asubuhi anaosha kwa maji ya vuguvugu na kukausha vizuri. Msaada mdogo kama huu ungeweza kuelezwa kwa wazee siku ya kwanza.

Jambo la mwisho ni la uchaguzi wa mtunzaji, na nalisema kwa uzito kwa sababu Katiba, katika Kifungu cha 57, inampa mzee haki ya kuishi kwa heshima na kupata matunzo ya familia yake pamoja na ya Serikali. Mtunzaji huweza kumpokelea mzee asiyeweza kufika, na nimewaona wazee ambao hawajui hata ni kiasi gani kilichopokewa kwa jina lao. Mzee na aambiwe kiasi hicho, na risiti ibaki kwake. Ninapomchukulia mama siku anapougua, humkabidhi noti zote mbele ya shangazi, anazihesabu polepole, kisha yeye mwenyewe hunirudishia nauli.