Maktaba ya chuo na yule kijana wa kaunta

Jina la chuo sisemi. Bado sijahitimu, na fomu ya kuhitimu lazima ipitie maktaba hiyo hiyo ipigwe muhuri. Ni hapa Nairobi, inatosha. Nilikuja kuandika nyota moja, na hiyo moja ni kwa sababu sifuri hairuhusiwi.

Natafiti sumukuvu kwenye mahindi. Nani hapa hajaisikia? Mwaka 2004, huko Ukambani hasa, watu 317 waliugua na 125 wakafariki kwa kula mahindi yaliyoota kuvu. Makala za mkasa wenyewe ziko bure, sikatai. Shida ni zile za baadaye, za maghala, magunia na unga wa dukani. Mahindi ni yetu, waliougua ni watu wetu, lakini ukibofya usome unaambiwa ulipe dola thelathini na kitu kwa makala moja!

Na kinachoniuma ni kwamba chuo kimeshalipia. Maktaba za vyuo huchanga pamoja kupitia muungano wao, KLISC, ili majarida yasomeke kwa bei nafuu. Ukiwa kampasi, mtandao wa chuo unatambuliwa na makala inafunguka yenyewe. Ukiwa nje, lazima uwe na nenosiri. Mimi mchana niko kazini Industrial Area, jioni niko darasani, na kusoma ni usiku, Kayole, watoto wakishalala. Bila nenosiri karo yangu imeenda bure.

Basi nenosiri likagoma. Ukurasa unazunguka weee, kisha unakurudisha pale pale pa kuingilia, wala haukwambii kosa ni nini. Bando linaisha hivyo hivyo. Nikaomba ruhusa kazini nikaenda mwenyewe.

Kaunta ya chini nikamkuta kijana, simu ameiegemeza kwenye kikombe cha chai, anatazama mpira. Nikamsalimu vizuri. Nikaeleza. Akaomba aione hiyo makala, nikampa simu yangu. Akaitupia jicho, akanirudishia. "Lakini mama, si muhtasari uko hapo? Soma huo tu. Wengi ndivyo wanafanya."

Muhtasari! Aya moja! Sumukuvu haienei sawasawa kwenye gunia. Punje chache zinaweza kubeba karibu sumu yote, kwa hiyo bila kujua sampuli ilichotwa vipi, hizo tarakimu za mwisho hazina maana. Hayo huyapati kwenye muhtasari, na ndilo swali la kwanza la msimamizi wangu. Halafu hiyo "mama" yake, aliitamka kama kondakta anayetaka ushuke haraka gari liondoke. Nikauliza nani anashughulikia nenosiri. "Mtu wa kompyuta hayuko." Anarudi lini? "Akirudi." Macho kwenye mpira.

Hapo ningemaliza, ila nitakuwa namwonea mkutubi mmoja wa ghorofa ya juu, upande wa wanafunzi wa uzamili. Nilipanda huko kwa hasira tu. Alinivutia kiti, akaniambia, "Pole dada, hebu tuone." Akanakili ile namba ya DOI, ile inayotambulisha kila makala mtandaoni, akatafuta mahali ambapo mimi sikuwahi kusikia pakitajwa: AGORA, mpango ambao FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, ilianzisha mwaka 2003 kwa majarida ya kilimo na chakula. Kumbe chuo kimesajiliwa, na nenosiri ni moja la chuo kizima! Makala ikafunguka. Nyingine ilikuwa bado imezuiwa, maana baadhi ya majarida hayaachilii matoleo mapya mpaka muda fulani upite, lakini akaipata nakala ya mwandishi mwenyewe, imewekwa bure kwenye hazina ya chuo chake. Akanifungulia na AJOL, yenye majarida ya Afrika, East African Medical Journal likiwemo. Moja ikashindikana kabisa. "Hii mwandikie mwandishi wake barua pepe. Wengi hufurahi kuulizwa." Nikaandika pale pale, na PDF ikaja hata kabla wiki haijaisha.

Nilishuka zile ngazi nikiwa na nyota nne mkononi, nne na nusu hata. Ila kwenye matatu nikaanza kuchemka tena. Kwa nini haya yote yamo kichwani mwa mtu mmoja? Ukutani hakuna hata karatasi. Siku ya kukaribishwa chuoni tulizungushwa kwenye rafu za vitabu, tukaonyeshwa vyoo na mahali pa kuacha mikoba, basi.

Juzi nimepiga simu kumuulizia yule mkutubi. Yuko likizo. Ukurasa bado unazunguka. Aliyepokea hakujitambulisha, ila alivyosema "mama" nikamjua.

Nyota mbili, zote za ghorofa ya juu. Kama una haraka ya sura ya pili ya tasnifu, ile ya kupitia maandiko ya wengine, kaunta ya chini ipite tu kama huioni. Lakini piga simu kwanza uulize kama amerudi.