Nimelipia monofini, siku mbili za kwanza hata sikuigusa

Jamani nimemaliza vipindi vitano vya kuogelea na monofini bwawani hapa Dar, lile pezi moja kubwa miguu yote miwili unaingiza humo humo kama mkia wa nguva, watu wananiuliza inboksi kama inastahili kutoa hela. Laki na nusu, vifaa unavikuta pale pale.

Siku ya kwanza kocha akasema weka pezi pembeni. Nikanuna, nimelipia pezi bana. Kumbe sisi tuliojifunzia baharini Kigamboni tunaogelea kichwa juu kama tunatafuta boti, na ukiinua kichwa tu kiuno kinazama, miguu inafuata, unabaki unasukuma maji na kifua. Akaninyoosha: mikono mbele, kiganja juu ya kiganja, mabega yabane masikio, macho kwenye vigae vya chini. Mrija wa kupumulia wenyewe unapita katikati ya uso, sio pembeni kama wa watalii, kwa hiyo shingo huna sababu ya kuigeuza.

Siku ya tatu ndo nikavaa. Weee! Nilikuwa napiga magoti kama niko kwenye baiskeli, maji yanaruka mpaka kwa wanaoota jua na mimi nipo pale pale. Wimbi linatakiwa lianzie kifuani lishuke kiunoni mpaka mapajani, magoti yakunje kidogo tu, vidole vya miguu umevinyoosha, halafu kupandisha pezi nako ni kazi sio kushusha tu. Waliowahi kuwaona pomboo wa Kizimkazi wananielewa, mkia unaenda juu chini, sio kushoto kulia kama samaki. Siku ya nne ikakubali mara moja, moja tu, nikashtukia ukuta huu hapa, bahati mikono ilikuwa mbele.

Ubaya sasa. Saizi ni chache, mimi navaa 44 nikabanwa kwenye 42, malengelenge wiki nzima. Na jioni bwawa linajaa watoto, pezi la mashindano linaruhusiwa mpaka sentimita 76 kwa upana, sasa mkipishana wawili kwenye leni moja hapo ni ugomvi.

Nyota nne, zote za kocha. Nendeni asubuhi katikati ya wiki, na mbebe soksi nyembamba.