Mass Effect Legendary Edition: Kutoka ufukwe wa Virmire hadi mnara wa Tuchanka

Karibuni tena, watazamaji. Nimemaliza kuucheza upya mkusanyiko huu wa mwaka 2021, wenye michezo mitatu ya video ya kampuni ya BioWare, hadithi moja ya anga za juu, iliyotoka mwaka 2007, 2010 na 2012. Habari za ubora wa picha mmekwisha kuzisikia, kwa hiyo naziruka. Ninachotaka kuwaonyesha ni mahali ambapo hadithi yake inapaa, na mahali inapoporomoka.

Tazameni hapa. Huyu ni Wrex, Mkrogani, yaani kiumbe wa sayari nyingine, na tupo kwenye sayari ya Virmire katika mchezo wa kwanza. Taifa lake linaangamizwa na jenofeji, maradhi ambayo Wasalariani, viumbe wa jamii nyingine, waliyatengeneza makusudi ili watoto wengi wa Kikrogani wafe kabla ya kuzaliwa. Leo amesikia kwamba adui ana tiba, na kwamba Kamanda Shepard, yaani wewe mchezaji, umekuja kuilipua pamoja na jengo zima. Basi anakuelekezea bunduki. Ukiwa na ulimi wa kushawishi, au ukiwa ulimtafutia mapema deraya ya ukoo wake, atakusikiliza. Usipokuwa na lolote kati ya hayo, utampoteza hapa hapa ufukweni.

Sasa naliingiza faili la mchezo huu, linalotunza maamuzi yangu, katika mchezo wa pili, kisha wa tatu. Wrex aliyenusurika ndiye anayewaongoza Wakrogani, na anazungumzia amani. Aliyekufa amerithiwa na Wreav, ambaye hana analowaza ila kisasi. Naye Mordin, yule mwanasayansi Msalariani tuliyekutana naye katika mchezo wa pili, ambaye aliwahi kushiriki kuyaimarisha maradhi yale, sasa anataka kupanda mnara unaoungua huko Tuchanka, sayari ya Wakrogani, ili aieneze tiba kwa mikono yake. Unaweza kumwacha apande akafe, au kumpiga risasi mgongoni. Nilipolirudia tukio hili nikiwa na Wreav, hoja za kumzuia Mordin zilianza kuniingia akilini, na hapo ndipo nilipoona ukubwa wa kazi ya waandishi: uamuzi wa ufukweni, michezo miwili nyuma, umebadilisha hata dhamiri yangu.

Mpinzani wa karibu, Dragon Age: Inquisition wa mwaka 2014, ulimtaka mchezaji aandae maamuzi yake ya zamani katika tovuti ya pembeni, na kwangu ilikuwa kama kujaza fomu.

Mchezo wa pili, nakiri, haukisogezi mbele sana kisa kikuu, lakini wahusika wake wananitosha kabisa. Kinachoniudhi ni mwisho wa mchezo wa tatu. Baada ya miaka yote hiyo, kiumbe mwenye umbo la mtoto, ambaye hatukuwahi kuzungumza naye, anatuwekea njia tatu za kuimaliza hadithi na kutaka tuchague. Nyongeza ya bure ya Juni 2012, iliyomo katika mkusanyiko huu, ilifafanua matokeo na kuongeza njia ya kukataa. Haikuweza kumfanya mtoto yule awe mtu tunayemjali kama Mordin.

Kwa bei ya mchezo mmoja unapata mitatu, na mara nyingi hushushwa zaidi. Video ijayo ni ya Mass Effect: Andromeda, mchezo wa mwaka 2017. Anayeanza leo asiuruke mchezo wa kwanza, na kabla hajatua Virmire amtafutie Wrex ile deraya.